Yoti Haina Kiu

Jamani, leo sina uso. Naandika haya suruali ikiwa bado mbichi, chumvi imeanza kukauka masikioni, na huko uani nawasikia wanawake wanacheka. Wakitulia kidogo, mmoja anasema "kinakunywa," basi wanaanza upya. Kabla hamjatumiwa video, bora mnisikie mimi mwenyewe.

Kwa wasionijua (kundi limekuwa kubwa, wengine sijui hata mliingiaje), mimi ni Shomari, fundi wa vyombo vya baharini hapa Bagamoyo. Babu fundi, baba fundi, mimi fundi. Kazi tuliyorithi ni kalafati, yaani kuziba nafasi kati ya ubao na ubao kwa pamba iliyolowa mafuta, unagonga taratibu mpaka maji yakose njia. Hakuna atakayeniambia kitu kwenye kalafati. Tatizo ni kwamba wenye vyombo vya mbao wanapungua, kila mtu sasa anataka faiba. Kwa hiyo miaka sita hii kazi naifuata ilipo. Mafia miezi mitatu, Kilwa miezi miwili, nikirudi nyumbani mtoto wangu wa mwisho ananikaribisha kiti kama mgeni.

Mke wangu Saumu amechoka. Mama yake, Bi Mwanaidi, amechoka zaidi, na yeye hana tabia ya kuchoka kimya kimya. Idi iliyopita aliniambia mbele ya ukoo mzima, "Mwanangu nilimwoza mume, sikumwoza simu." Nilimeza tambi bila kutafuna.

Mwaka huu ndipo akatokea Daktari Massawe. Mstaafu, mtu wa Moshi, kajenga huku kwetu. Alinunua yoti ya zamani ya faiba, futi thelathini na mbili, ya matanga, ile ya kutembelea ya watu wenye nafasi zao. Umri wa hiyo yoti na wangu hauachani sana. Ilikuwa imelazwa miaka juu ya magogo, sitaha inavuja, injini imeshikana, nyaya zimeliwa na panya, na ndani mna kiota cha ndege ambaye aliniona mimi ndiye mvamizi. Daktari akanipa kazi ya kuifufua. Miezi minane nimeisugua, nimeibandika, nimeipaka rangi, nimeitukana. Kila nikitengeneza kimoja, viwili vinaharibika. Kuna siku nilibadilisha skrubu moja ya dirisha, dirisha zima likatoka na skrubu yake.

Lakini nilivumilia, kwa sababu Daktari aliniahidi jambo moja, tena Saumu akiwa amesimama pale pale anasikia. Yoti ikishuka majini salama, itakaa hapa Bagamoyo na mimi nitakuwa msimamizi wake wa kudumu. Yaani ninalala kwangu kila siku. Isiposhuka salama, anaipandisha kwenye trela anaipeleka Dar kwa mafundi wenye karakana na vyeti. Na mimi nirudi Mafia.

Siku yenyewe ya kuishusha ni leo.

Pwani yetu mnaijua, maji yakitoka yanakwenda mbali, na yakirudi hayana kina. Yoti ina mkuku mrefu, ule uti unaoshuka chini ya tumbo lake, haiwezi kuelea hapa isipokuwa siku ya bamvua, maji yakiwa makubwa kuliko siku zote. Leo kilele kilikuwa saa kumi alasiri. Kesho yanaanza kupungua, na bamvua nyingine mpaka wiki mbili. Leo asubuhi mapema, maji yakiwa yametoka, tuliivuta yoti kwa magogo ya kuviringisha, tukaisimamisha mchangani, tukaiegemeza nguzo ubavu huu na ubavu huu. Baada ya hapo ilikuwa ni kungoja tu maji yaje yaibebe.

Mimi nikataka kuishua kwa heshima. Kwetu chombo hakishuki majini kimya kimya kama kinaiba. Nikamwita Maalim kwa dua, Saumu akapika pilau masufuria manne, akachoma ubani, halua ikaja, kahawa ikaja, ukoo wa mke wangu ukaja wote na nguo za kutokea. Niliwaalika mwenyewe. Nilitaka waone. (Wameona.)

Saa nne asubuhi Daktari alifika na karatasi. Huyu bwana kila kitu ana karatasi. Ameandika mambo yote ya kukagua kabla ya kushusha yoti, moja baada ya jingine, na kila moja lina kisanduku cha kuweka tiki.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba, Fundi. Hii ipitie polepole, usiruke hata moja."

Nikaitikia "sawa" lakini moyoni nilikasirika. Mimi, mjukuu wa fundi, nipewe karatasi kama mtoto wa darasa la tatu? Kwetu chombo kinakaguliwa kwa kukipiga konzi na kusikiliza. Nikapanda ndani, nikakaa kitako, nikanywa maji ya chupa, kisha nikapiga tiki moja ndefu kuanzia juu ya ukurasa hadi chini. Ilipita kwenye visanduku vyote. Nikamrudishia.

"Umemaliza upesi," akasema.

"Uzoefu, Daktari."

Kibwana, rafiki yangu fundi injini, alikuwa anafunga kifuniko cha injini. Akaniuliza, "Shomari, na koki zote umezifunga?" Koki zenyewe ni zile bomba za chini, sehemu ambazo maji ya bahari yanaruhusiwa kuingia kwa kazi maalumu, injini ipoe, sinki imwage, mambo kama hayo. Nikamjibu, "Unamfundisha nani?" Akarudi kwenye kifuniko chake. Kibwana ni mtu wa amani, ndiyo kasoro yake.

Baada ya adhuhuri Bi Mwanaidi akasema anataka kuona hicho chombo kinachomweka mkwewe nyumbani. Marehemu mumewe alikuwa nahodha, kwa hiyo macho yake yanajua kutazama. Tukamwekea ngazi, akapanda na buibui lake taratibu, akaingia chumbani, akagusa mito, akafungua makabati, akanusa jiko. Akasema, "Si pabaya." Kutoka kwake hiyo ni sherehe. Ila alipotazama ngazi kutokea juu akasema hashuki, kupanda ni kwa miguu lakini kushuka ni kwa kudra. Atakaa humo humo mpaka yoti ielee, kisha tumpeleke ufukweni kwa ngalawa. Nikaona ni baraka. Mzee wa ukoo ndani ya chombo siku ya kukishua, nini zaidi?

Saa nane maji yakafika kwenye mkuku. Maalim akasoma dua, watu wakaitikia amina. Daktari naye akapiga ishara ya msalaba. Nikajisemea leo tumelindwa pande zote. Tukapanda juu ya sitaha watatu, mimi, Daktari na Kibwana. Bi Mwanaidi ndani kakaa kwenye kochi la yoti, miguu pamoja, mkoba mapajani.

Karibu saa tisa, maji ya nje yakiwa yamepanda hadi kifuani mwa mtu, Kibwana akachungulia ndani akaja kuninong'oneza.

"Shomari, humu ndani mna maji."

"Mengi?"

"Yanafika kwenye kifundo cha mguu."

"Kinakunywa hicho."

Hapa lazima niwaeleze, ili msinione kichaa moja kwa moja. Chombo cha mbao kikikaa juani muda mrefu, mbao zinakauka, zinaachana. Siku ya kukishua lazima kivuje. Hugusi, hushtuki. Unakiacha maji yaingie, mbao zinalowa, zinavimba, zinabanana na ile pamba, na mpaka jioni kimejiziba chenyewe. Babu alikuwa anasema chombo kina kiu, kiacheni kinywe. Ukianza kufua maji mapema, yaani kuyachota na kuyamwaga nje, ni kuwatangazia watu kwamba kazi yako mwenyewe huiamini. Nilipokuwa na miaka kumi na miwili nilishika kopo nianze kuyachota siku ya kushua, babu akanizaba kofi mbele ya wageni. Kofi hilo lilifika mbali, maana leo nikiwa na miaka arobaini na tano limenizuia mkono.

Najua mnachotaka kusema. Yoti ni ya faiba. Jamani, najua ni ya faiba. Nimeisugua miezi minane, vumbi lake linaniwasha mpaka sasa hivi. Lakini ubani unanukia, watu wamejaa, dua imesomwa, mdomo ukajibu kabla akili haijafika. Na nikishasema kitu mbele ya watu, mimi sina kinyume. Ndivyo nilivyoumbwa, na Saumu atawathibitishia.

Kibwana akanitazama. "Kinakunywa?"

"Wewe hujawahi kushua? Waulize wakubwa."

Akaondoka anatikisa kichwa. Yeye ni mtu wa injini, alidhani hiyo ni elimu ya mbao isiyomhusu.

Baada ya dakika tano Daktari naye. "Fundi, ile pampu ya kutoa maji mbona siisikii? Si inajiwasha yenyewe?"

"Nimeizima, Daktari."

"Umeizima kwa nini?"

"Tusikinyime."

Daktari alisimama pale akinitazama, mtu mwenye shahada, aliyepasua matumbo ya watu miaka thelathini. Nilimwona anataka kuuliza. Nikamkazia jicho la kitaalamu. Akasema, "Haya, wewe ndiye fundi." Hilo neno sasa hivi linanichoma kuliko matusi.

Wa tatu alikuwa mama mkwe, kutoka chini.

"Mkwe, miguu yangu imelowa."

"Usiwe na wasiwasi, mama. Chombo kinakunywa."

"Kinakunywa nini?"

"Maji, mama. Kikishiba kitaacha."

Nikasikia mkoba unawekwa pembeni. Halafu akasema, "Fundi."

Hapo nilijua nimekwisha. Bi Mwanaidi akiniita mkwe, tuko salama. Akiniita Shomari, kuna jambo. Akiniita Fundi, tafuta mlango.

"Fundi, ndoo yangu ya jikoni ni ya plastiki. Ninayo mwaka wa tisa. Naijaza maji asubuhi, nayakuta jioni yale yale. Haijawahi kunywa. Siku ikipungua maji nitajua imetoboka."

Ufukweni walisikia, kwa sababu maji yalikuwa yametulia na sauti ya Bi Mwanaidi haijawahi kuhitaji spika. Nikasikia kicheko cha kwanza. Mimi, badala ya kushuka nikatazame, nikaanza kueleza. Nikasema faiba ya zamani si kama plastiki ya ndoo, ina nyuzi ndani, na nyuzi zina tabia zake. (Nyuzi zina tabia zake. Nilisema hivyo, mbele ya daktari.)

Nikamsikia anainuka, chapa chapa ndani ya maji, kisha mlango wa choo ukafunguliwa. Basi nikaona haya, nikageuka nikatazama bahari. Mkwe akienda chooni wewe hutakiwi hata kujua. Nikamwashiria Kibwana naye ageuke, Daktari tukamgeuza. Tukasimama wanaume watatu tumekipa choo mgongo, yoti inajaa.

"Fundi."

"Naam, mama."

"Njoo."

"Mama, uko chooni."

"Ndiyo maana nakwambia njoo."

Wenzangu, nyie mna wakwe. Fikirieni. Nikamtazama Kibwana, nikamwomba kwa macho aende yeye. Akasema, "Mkwe ni wako." Nikavua kofia, sijui kwa nini, nikashuka. Maji ndani yalinifika magotini. Mito niliyoishona upya ilikuwa inaelea, karatasi ya Daktari inaelea, mkoba wa mama mkwe unaelea.

Choo cha yoti ni kabati tu lenye mlango. Nikachungulia nikiwa nimefumba jicho moja. Bi Mwanaidi alikuwa amekaa juu ya kifuniko cha choo, buibui kalikusanya mapajani, amejikunja, mkono kaupitisha nyuma ya bakuli, na kidole gumba kakichomeka mahali, juu kidogo ya maji.

"Hapa pana tundu," akasema. "Nikitoa kidole, maji." Akatoa. Maji yakaruka hadi usoni kwangu. "Nikirudisha, hakuna. Sasa niambie tena, nani anakunywa?"

Nikafumbua jicho la pili, na hapo ndipo nikaikumbuka Jumanne. Choo cha yoti kinavuta maji ya bahari kwa mpira unaofungwa kwenye koki pale chini. Jumanne mpira ule ulikuwa unanuka, nikaufungua, nikauosha, nikaupeleka nyumbani kuuanika. Koki nikaiacha wazi niipake grisi nikirudi. Sikurudi, nilikwenda kununua halua. Na muda ule naongea habari za nyuzi na tabia zake, mpira wa choo ulikuwa nyumbani kwangu kwenye kamba ya nguo, katikati ya khanga mbili za mama mkwe. Yoti haikuwa na kiu wala nini. Nilikuwa nimeacha bomba wazi, likaijaza bahari yote ya Bagamoyo.

Nikasema hamna shida, nafunga koki. Nikashika kishikio. Hakigeuki, kimeganda kwa chumvi. Nikatia nguvu, kikavunjika kikabaki mkononi mwangu. Bi Mwanaidi akakitazama kile kipande, akanitazama mimi, akasema, "Ujuaji mwingi, mbele kiza."

Nikapiga kelele Saumu aagize mfuko wangu wa kalafati nyumbani kwa bodaboda. Sikuwa nimeuleta, maana nilishasema yoti ya faiba kalafati ya nini. Nikataka kutoka nikasaidie juu.

"Unakwenda wapi?" akauliza mama mkwe. "Kidole changu kina ganzi. Kaa hapa. Nikichoka mimi, unatia wewe."

Nikakaa. Hakuna pa kukaa mle, kwa hiyo nilichuchumaa ndani ya maji, magoti yangu na ya mama mkwe yamegusana, tunapokezana vidole kwenye tundu la choo. Mtu asiniambie habari za aibu tena. Nilikuwa naitazama dari, dari haikunisaidia.

Juu kukawa vurumai. Ilikuwa saa tisa na nusu na zaidi, maji ya nje yanakaribia kilele, yoti imejaa maji ndani na mkuku umekaa mchangani haujitikisi. Kibwana akawasha pampu, ikakohoa mara mbili ikazima, betri zilikuwa zimeshazama. Daktari akaipata karatasi yake inaelea akaanza kuisoma kwa sauti ya hospitali: "Koki ya choo, hakikisha imefungwa. Tiki." Akakung'uta maji kwenye karatasi. "Mpira wa choo, hakikisha umefungwa. Tiki." Kila tiki nilikuwa naisikia kwenye uti wa mgongo.

Na Saumu wangu, Mungu ampe maisha, hakusubiri kuambiwa. Akamwaga pilau lote kwenye masinia, akaingia baharini na sufuria kichwani, na ukoo wake nyuma yake. Shangazi, mashemeji, wote na nguo zao za kutokea. Wakapanga mstari, masufuria manne yanapanda matupu yanashuka yamejaa maji ya bahari yenye harufu ya bizari. Kuna mmoja alikuwa anapiga picha za video kwa mkono mmoja na kufua maji kwa mkono wa pili. Kuna mwingine kila akichota anaita, "Fundi, kimeshiba?" na mstari mzima unaitikia, "Bado!"

Wakati ndugu wakichungulia mlangoni mmoja mmoja kuja kushuhudia, Bi Mwanaidi akaniuliza kwa sauti ndogo, ambayo sikujua kama anayo.

"Ulikuwa unataka kweli kukaa nyumbani?"

"Kweli, mama."

"Au unasema hivyo kwa kuwa tumebanana hapa?"

"Kweli, mama. Nimechoka kulala kwenye mabanda ya watu. Mtoto wangu ananikaribisha kiti."

Siwafichi, nilikuwa naona trela ile inaondoka na yoti, na mimi napanda boti ya Mafia na mfuko wangu. Akatoa kidole, akasema, "Haya, zamu yako. Tia kidole vizuri, bado kinapenyeza."

Mfuko ulipofika ilikuwa saa kumi kasoro. Na hapa, jamani, niacheni nijisifu kidogo, sina kingine cha kujisifia leo. Nilisokota pamba, nikailowesha mafuta, nikaisukuma kwenye lile tundu tabaka juu ya tabaka, nikaigonga kwa mpini wa tindo taratibu. Bi Mwanaidi akatoa kidole. Tukasubiri. Hata tone. Akapapasa pale kwa kiganja, akaangalia kiganja, kikavu. Akaitikia kwa kichwa.

Masufuria yakaendelea, na saa kumi na dakika chache yoti ikajitikisa. Kisha ikainuka ubavu mmoja, ikakaa sawa, ikaelea. Wanawake wakapiga vigelegele wakiwa ndani ya maji. Maalim, ambaye muda wote alikuwa anazisindikiza sufuria kwa uradi, akasema alhamdulillahi akaomba kahawa. Mimi nilikaa pale pale chooni.

Tulimteremsha mama mkwe kwa ngalawa mpaka ufukweni, Daktari na mimi tukafuata. Daktari alikuwa ameloa mpaka kwenye tai. (Ndiyo, alivaa tai. Alikuwa ameniheshimu kiasi hicho.) Watu wakasogea, wakajua sasa inasemwa. Saumu akaja akasimama karibu yangu na sufuria mkononi, hakunigusa, ila alisimama.

"Fundi," Daktari akasema, "mikono yako sina shaka nayo. Ile pamba nimeitazama, haitoi hata unyevu. Nimezunguka Dar nzima, sijaona mtu wa kuziba namna ile."

"Asante, Daktari."

"Lakini watu watatu wamekwambia chombo kinaingia maji. Watatu. Na mimi mwenyewe nikakuacha. Mtu wa namna hiyo siwezi kumwachia ufunguo."

Nikainamisha kichwa. Nilikuwa nimeshaanza kuhesabu nguo za kupakia. Nikamsikia Saumu anavuta pumzi.

Daktari akageuka. "Mama, samahani, wewe unaishi hapa hapa?"

Bi Mwanaidi alikuwa anakamua ushungi wake. "Nimezaliwa hapa, na nitazikwa hapa."

"Basi na yoti itakaa hapa. Ila ufunguo utashika wewe. Fundi atafanya kazi, lakini bila wewe kuikagua na kusema ndiyo, asifungue wala asifunge kitu. Unaweza kusoma orodha?"

"Naweza," akasema Bi Mwanaidi, "na naweza kumsomea na yeye."

Akaupokea ufunguo, akaufunga kwenye pindo la khanga aliyojitanda ndani, mafundo mawili. Saumu alicheka mpaka akakaa mchangani na sufuria yake, halafu akalia kidogo, halafu akacheka tena. Sijui nilitaka kumkasirikia au kumkumbatia, nilisimama tu kama nguzo.

Kwa hiyo ndugu zangu, kazi nimepata. Mafia siendi, nalala kwangu leo, kesho na kesho kutwa. Bosi amekwishapita hapa mlangoni akaniambia nifike yoti saa moja kamili asubuhi, nianze na koki zote, niweke tiki moja moja, yeye atakuwa amekaa pembeni na kahawa yake akitazama. Kwa hiyo mwenye kicheko chake akimalize usiku huu. Kesho niko kazini, na bosi wangu ndiye aliyemzaa mke wangu, kwa hiyo hata likizo sijui nitamwomba nani.